Fungate Katika Nchi ya Ufipa

Miongoni mwa mambo yanayowashughulisha vijana wetu siku hizi wanapokaribia kuoa na kuolewa ni hili: baada ya arusi waende wapi? Zamani swali hili halikuwako. Bwana arusi aliingia nyumbani, wakakaa ndani siku saba, wakapikiwa na kutunzwa na wazee, na siku hizo zikaitwa fungate, neno ambalo katika Kiswahili cha kale lilikuwa ndiyo hesabu ya saba yenyewe. Leo fungate imetoka nyumbani, ikapanda gari na chombo, ikaenda kisiwani, ikaingia katika hoteli ya fahari iliyo ufukweni, yenye kitanda kilichotandazwa maua na meza iliyowekwa mchangani.

Hatusemi kwamba jambo hili ni haramu. Safari ni halali, na mume kumfurahisha mkewe ni katika wema tuliousiwa. Lakini lazima tuseme tuliyoyaona. Yuko kijana mmoja wa nyanda hizi za Rukwa, mwenye kazi nzuri na tabia njema, aliyekopa fedha za riba kwa njia ya simu ili ampeleke mkewe siku nne katika hoteli kubwa ya Unguja. Picha zilipigwa, jamaa wakasifu. Mwezi wa sita baada ya arusi alikuwa akimwomba mkewe bangili ya mahari aiuze, apate kulipa. Mke akaitoa, kisha akamwambia: "Bwana, lau ungaliniuliza, ningalichagua ziwani kwetu."

Maneno hayo ndiyo yaliyotutia hamu ya kuandika. Mahari ni haki ya mke, wala mume hana ruhusa ya kuyagusa ila kwa radhi ya nafsi yake. Na riba tunajua hukumu yake. Basi nyumba ya Kiislamu iliyoanza kwa riba, ikafuatia kwa mahari kuuzwa, imeanza vibaya, hata kama kitanda chake cha kwanza kilikuwa cha maua. Nasi tumejiuliza: mke yule alikusudia nini aliposema "ziwani kwetu"? Ni kipi kilichoko huko?

NCHI YENYEWE

Ufipa ni nchi ya juu iliyo baina ya maziwa mawili. Magharibi yake liko Ziwa Tanganyika, na mashariki, chini ya ukingo mkali wa Bonde la Ufa, liko Ziwa Rukwa, lenye maji ya magadi na mamba wengi. Katikati ndipo uwanda ulipo, nchi ya majani na upepo, yenye mashamba ya mahindi, maharage na ulezi. Mji wa Sumbawanga umekaa kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo jirani yake hupita mita 2,400. Kwa hiyo mtu wa pwani akifika mwezi wa Juni au Julai bila ya sweta atajuta usiku wa kwanza.

Njia ya kufikia huko ni Tunduma, mpakani mwa Zambia. Kutoka hapo barabara ya lami hukata nyanda kwa zaidi ya kilomita 200 mpaka Sumbawanga. Anayetoka Dar es Salaam kwa kupita Morogoro, Iringa na Mbeya huwa amekwenda zaidi ya kilomita 1,100. Umbali huo na uutazame vilevile kwa upande wa pili: kijana wa Sumbawanga anayetaka fungate ya Unguja ana safari hiyo yote kwenda na kurudi, kisha bahari ya kuvuka, na mkewe yu pamoja naye akiwa bado na uchovu wa arusi. Siku mbili za fungate huishia garini.

Jina la mji nalo limeleta maneno mengi. Watu wa mbali wakisikia Sumbawanga hucheka, au hutahadhari, wakidhani ni makao ya wachawi. Twajua wazazi waliosita kumwoza binti yao huko kwa sababu ya jina tu. Basi na wajue kwamba katika Kifipa maana yake ni kutupa uchawi. Jina lenyewe ni amri ya kuuacha. Na lau jina lingekuwa na maana nyingine, Mwislamu hakatazwi kwenda mahali kwa sababu ya mkosi wa jina. Mtume (S.A.W.) ametukataza kuamini mikosi, akatufundisha kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Wageni waliowahi kuikaa nchi hii wameisifu kwa amani na ukarimu. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita mwaka 1880, aliona watu walioshughulika na jembe kuliko vita. Roy Willis, mtaalamu wa mila aliyekaa nao miaka ya 1960, aliandika habari za utawala wao na za hadithi yao mashuhuri: ya kwamba enzi ilikuwa Milansi, kisha wakaja wanawake watatu wageni, wakachukua ufalme wakati mwenye nchi hayupo, na ukoo wao ukawa ndio wa wafalme, ilhali Milansi ikabakia na heshima ya ukongwe. Wafipa walikuwa mafundi wa chuma vilevile. Walijenga tanuri ndefu za udongo kupita kimo cha mtu, wakayeyusha mawe na kupata majembe.

Waislamu huku si wengi. Wamisionari wa Kikatoliki waliingia Karema mwaka 1885, na watu wengi wa uwandani wakaifuata dini yao. Walakini Uislamu si mgeni. Misafara ya waungwana wa pwani ilipita kandokando ya ziwa tangu karne ya 19, ikivuka kwenda Kongo, na katika miji ya ufukweni kama Kirando Kiswahili na Uislamu vimekaa tangu zama hizo. Sumbawanga mjini misikiti ipo, na sauti ya adhana husikika katika baridi ya alfajiri.

KUTEREMKA ZIWANI

Kutoka Sumbawanga njia hushika kaskazini mpaka Namanyere, makao ya wilaya ya Nkasi, mwendo wa karibu kilomita 100. Toka hapo mtu hugeuka magharibi kuteremka Kipili. Tulipopita njia hiyo tulianza asubuhi tukiwa tumejifunga mashuka, na kwa kadiri tulivyoshuka ndivyo tulivyovua kimoja kimoja, kwani Ziwa Tanganyika liko mita 773 tu juu ya bahari, na tofauti ya joto yatambulikana mwilini kabla ya jicho kuona maji. Miombo ikafunguka, na mbele yetu likaonekana ziwa, buluu kama bahari, na milima ya Kongo upande wa pili kama wingu lililolala.

Ziwa hili lina urefu wa kilomita 673, na kina chake hufikia mita 1,470. Duniani hulipita kwa kina Baikal la Urusi peke yake. Nchi nne hulishiriki: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Maji yake ni matamu, na penye mawe ni maangavu hata mtu huona samaki wadogo wa rangi za njano na buluu wakizunguka miamba. Wengi wa samaki hao hawapatikani mahali pengine popote ulimwenguni. Mbele ya Kipili vipo visiwa vidogo, Ulwile na Mvuna miongoni mwao, vyenye miamba, miti na vifuko vya mchanga, na mtumbwi wa mashine huvifikia kwa muda mfupi. Basi yule anayesema kwamba fungate haitimii ila kwa kisiwa, kisiwa ndicho hiki. Na anayetaka ufukwe, ufukwe upo, wala hapana msongamano.

Hapo Kipili ndipo palipojengwa Lake Shore Lodge, hoteli ya ufukweni iliyopata sifa hata kwa wasafiri wa ng'ambo, yenye nyumba za fahari kwa mwenye wasaa, vibanda vya bei nafuu, na mahali pa kupiga hema. Asiye na fedha za hoteli ya namna hiyo atapata nyumba za wageni za kawaida katika miji ya ziwani, na chumba kizuri Sumbawanga kwa usiku wa kwenda na kurudi.

Upande wa kusini iko Kasanga, bandari ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg na kujenga boma lao, likatwaliwa na Waingereza mwaka 1916. Si mbali na hapo Mto Kalambo, ambao ni mpaka wa Tanzania na Zambia, huporomoka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Karibu na maporomoko hayo, upande wa Zambia, wataalamu walifukua magogo yaliyochongwa na kuunganishwa kwa mikono, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba umri wake wameukadiria kuwa miaka 476,000. Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Bibi na bwana wakisimama hapo huona udogo wao pamoja.

Haifai kulitaja ziwa hili bila ya meli yake. Wajerumani waliijenga kwao, wakaifungua vipande vipande, wakaileta Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, baada ya kuzipaka mashine zake mafuta mazito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ndilo jina la zamani la sehemu ya kusini ya ziwa. Kwa miaka mingi ndiyo iliyowachukua watu wa Kasanga, Kipili na Kirando. Imekuwa ikisimama kwa matengenezo mara kwa mara. Anayetumaini kuipanda na aulize kwanza bandarini.

JINSI YA KUCHAGUA HOTELI

Ama hoteli, iwe ya ziwani au ya baharini, twaona yapo mambo sita ya kuuliza kabla ya kutoa hata senti moja, na majibu yake yawekwe kwa maandishi.

La kwanza ni bei. Hoteli nyingi za fahari hutaja bei ya mtu mmoja kwa usiku mmoja, na msomaji akadhani ni ya chumba. Aulize: ni ya mtu au ya chumba? Chakula kimo, na ni cha mara ngapi? Kodi zimo? Yalipwa kwa shilingi au kwa dola? Na safari ikivunjika kwa ugonjwa au msiba, fedha hurudi kiasi gani?

La pili ni sitara. Picha ya chumba huonyesha bahari, haionyeshi nani apitaye baina ya chumba na bahari. Ulizeni kama baraza yaonekana na majirani, na kama pana mahali ambapo mke aweza kuingia majini na nguo zake za heshima bila kutazamwa. Katika hoteli zenye watu wengi jambo hili ni gumu. Katika visiwa vya Kipili ni jepesi, kwa kuwa ufukwe mzima waweza kuwa wenu wawili kwa asubuhi moja.

La tatu ni ulevi. Hoteli nyingi za watalii zina baa. Mwislamu aweza kuomba chumba kilicho mbali nayo, na kuomba vileo viondolewe katika friji ya chumbani kabla hajaingia. Wenye hoteli wamezoea maombi ya wageni wa namna nyingi, na hili halitawashangaza. Ikiwa hawawezi, basi hoteli hiyo si yenu.

La nne ni chakula. Machinjio makubwa ya nchi yetu aghalabu huchinja Waislamu, lakini kuku wa mashambani yafaa aulizwe. Na hapa ziwa lina fadhila yake, kwani samaki hana shaka ya kuchinjwa. Migebuka wa kuchoma, kuhe wa kuchemshwa, na dagaa waliokaangwa kwa nyanya huwalisha watu wiki nzima bila kurudia pishi moja.

La tano ni maji ya moto na taa. Pwani hili ni jambo dogo. Sumbawanga maji ya moto ni haja ya ibada: maarusi wana josho la kuoga kabla ya alfajiri, na maji ya bomba saa kumi na moja za usiku wa Julai humfanya kijana dhaifu aichelewe sala.

La sita ni usalama wa majini. Ziwa ni tamu lakini lina mamba na viboko mahali pengine, na kichocho chaweza kupatikana penye matete na karibu na vijiji. Ogeni pale tu wenyeji wanapooga na wanapopasifia, penye mawe na maji maangavu. Tangu Mei mpaka Septemba upepo wa kusi huweza kuamsha mawimbi makubwa. Mtumbwi uendao kisiwani na uondoke asubuhi, wala asipande mtu bila jaketi la kuokolea. Tangu Novemba mpaka Aprili ni mvua, na njia za kuteremka ziwani huwa nzito.

KWA AENDAYE UNGUJA

Mwenye wasaa wa halali aliyeazimia Unguja hatumzuii. Kisiwa kile ni cha ndugu zetu, na neema yake ni kubwa. Lakini na achague kwa kujua. Ufukwe wa mashariki, Paje, Bwejuu na Jambiani, maji hupwa mara mbili kila siku na kwenda mbali sana. Saa hizo hapaogeleki, ila huonekana wanawake wakishughulikia mwani wao. Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, maji hayaendi mbali kiasi hicho, na kwa sababu hiyo watu hujazana zaidi. Miezi ya Aprili na Mei ni masika. Bei hushuka, na hoteli nyingine hufungwa. Akifika kusini asikose kusali Kizimkazi, katika msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Huko mume atamwonyesha mkewe kwamba Waislamu wa pwani hii walikuwa wakisujudu kabla ya hoteli ya kwanza kufikiriwa.

SALA SAFARINI

Wapo maarusi wanaodhani kwamba fungate yote ni safari, basi wapunguze sala siku zote saba. Hilo halikubaliki katika madhehebu yetu ya Shafii. Mwendo wa Sumbawanga mpaka Kipili hupita marhala mbili, kwa hiyo njiani wana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Lakini aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, husali sala timamu tangu kufika kwake. Kibla cha Ufipa ni kaskazini, kikielemea mashariki kidogo. Na sala ya jamaa ya watu wawili, mume mbele na mke nyuma yake, ufukweni wakati wa magharibi jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, ni kumbukumbu isiyotozwa bei na hoteli yoyote.

NASAHA YETU

Mtume (S.A.W.) alimhimiza sahaba wake Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mnyama mmoja. Hakumwambia akope. Katika agizo hilo twajifunza kwamba furaha ya ndoa yataka kutangazwa na kushirikisha jirani, kwa kadiri ya uwezo. Basi kijana na apange hivi: mahari kwanza, kwani ni deni la wajibu, kisha walima, kisha nyumba ya kuishi, japo chumba kimoja kilicholipiwa kodi ya miezi kadhaa, na kitakachobakia ndicho cha fungate. Kikitosha Unguja, na waende kwa salama. Kikitosha Kipili, wasijione wamepungukiwa. Kisipotosha ila siku saba za ndani ya nyumba, kama walivyokaa babu na bibi zetu, hizo nazo ni fungate kamili, wala hapana mtu wa kuwacheka.

Na juu ya hayo yote, mke aulizwe. Vijana wengi huificha safari mpaka siku yenyewe ili iwe zawadi ya ghafula. Uzuri wa zawadi twaujua, lakini gharama zake zitalipwa na nyumba ya watu wawili, na mashauriano ni katika adabu za dini yetu. Mwanamke aliyeulizwa aghalabu huchagua kwa busara kuliko picha za matangazo. Nanyi wazazi, msiwashindanishe watoto wenu na watoto wa jirani kwa hoteli walizolala; waulizeni kama nyumba yao ina amani, na kama haina deni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awabariki maarusi wetu wote, wa pwani na wa bara, awatie mapenzi na rehema baina yao kama alivyoahidi, awaruzuku cha halali chenye kuwatosha, na awajaalie nyumba zinazodumu baada ya siku saba. Amin.